Ubao Hauozi Wenyewe

Torkild Bundgaard alikuwa muuza rangi, na kama angebaki muuza rangi tu nisingekuwa na la kusimulia. Duka lake lilikuwa kwenye barabara inayoteremka bandarini hapa Klitsund, kati ya banda langu la kukausha samaki kwa moshi na benki iliyofungwa. Mtu aliingia kununua kopo la rangi nyeupe, akatoka na kopo na hotuba. Torkild alipenda kusimama mbele za watu. Iwe harusi, iwe mazishi, iwe siku ya kufungua mtaro mpya wa maji machafu, utamwona kainuka, mkono kifuani, anaanza: “Mimi si msemaji.” Hapo sote tulikimbilia kuinywa kahawa yetu ingali moto.

Ndiyo maana alikuwa mwenyekiti wa bodi ya bandari. Kiti hicho hakukishinda kwa kura. Hakuna mwingine aliyekitaka. Kila uchaguzi ulipofika tulitazama viatu vyetu, na tulipoinua macho Torkild alikuwa ameshasimama, anatushukuru kwa imani yetu kubwa.

Hakuwa mtu mbaya, na kusema kweli hakuwa na kipaji cha ubaya. Akisema uongo masikio yake yaligeuka mekundu kama nyanya. Mkewe, Birthe, aliyefundisha watoto wadogo mpaka alipostaafu, aliyasoma masikio yale kama mtu anavyosoma saa ya ukutani. “Umekula keki ya wageni,” angesema bila kugeuka. Naye Torkild angekubali, maana kukana kulikuwa kazi bure.

Birthe ndiye aliyekuwa kiongozi wetu sisi waogaji. Baridi inapoingia na watu wenye akili wanapojifungia ndani, sisi hukutana asubuhi kwenye banda la mbao mwishoni mwa gati, tunavua nguo, tunashuka ngazi na kujitumbukiza baharini, halafu tunakaa kwenye chumba cha moto kutoka jasho na kuwajadili wasiokuwepo. Wengi wetu ni wanawake, pamoja na wanaume wachache wasioogopa kuchekwa. Banda hilo lilijengwa na babu zetu, na mambo mengi ya mji huu yameamuliwa ndani yake kabla halmashauri haijayasikia.

Vuli moja wakaja watu wa sinema kutoka Copenhagen. Walikuwa wanatafuta bandari yenye huzuni. Mwanzoni tuliudhika. Halafu tukaambiwa kwamba walizunguka pwani yote ya magharibi na hakuna mji uliotukaribia kwa huzuni, basi tukaanza kujivuna.

Mwongozaji alikuwa mwanamke mrefu aitwaye Lærke, mwenye koti la mvuvi ambalo hakuna mvuvi angeweza kulinunua. Alituita ukumbini akatueleza hadithi yake. Mwandishi wa habari anatumiwa utepe wenye sauti za wakubwa wakipanga kuizamisha meli chakavu ya mbao ili walipwe bima, mabaharia wakiwemo ndani. Wakubwa wanamwinda. Polisi hawamwamini. Yeye hana silaha ila ule utepe.

“Ni sinema kuhusu ujasiri wa kusikiliza,” Lærke alisema, na sauti yake ilitetemeka kidogo. “Ukweli umo sikioni mwetu, na sisi tunageuka upande wa pili.”

Tulipiga makofi. Torkild akasimama kushukuru kwa niaba ya bahari. Aliwapa bandari, winchi na ghala la barafu bila malipo, akaomba jambo dogo tu: kama kungekuwa na nafasi ya mtu wa makamo, mwenye sauti.

“Ipo ya mwenyekiti wa bandari,” Lærke akamwambia. “Lakini ni mla njama.”

“Hilo halinisumbui,” Torkild akajibu. “Mimi watu wananijua.”

Siku ya kupigwa picha tulijaa gatini. Nami nilikuwemo katika sinema, kama mwanamke anayebeba ndoo. Fundi sauti wao, kijana mpole aitwaye Asger aliyekuwa amepanga chumba juu ya banda langu la moshi, alimfungia Torkild maikrofoni ndogo ndani ya shati. Torkild alikuwa na sentensi moja ya kusema: “Meli hiyo ni kuukuu, hakuna atakayeililia.” Akaweka mkono kifuani, akaisema kama mtu anayesoma maelezo nyuma ya kopo, kwamba rangi ikauke kwanza ndipo upake mara ya pili.

“Jaribu kama unaongea na rafiki yako,” Lærke alisema.

“Hivi ndivyo ninavyoongea na rafiki yangu.”

“Basi jaribu kama unaongea na adui.”

Alijaribu. Adui naye alisomewa kopo. Walirudia mpaka shakwe wenyewe wakachoka wakahamia upande wa pili wa bandari, ndipo Lærke akasema tukale.

Wakati tunapanga foleni ya mkate mweusi na rojo la maini, Torkild alitoka na Kaj Ravnsbæk, aliyesoma naye tangu utoto. Kaj ni mjenzi wa nyumba za likizo, zile zenye vioo vingi na wakazi wachache. Walikwenda nyuma ya ghala la barafu, mahali pasipo mtu. Wahenga husema kikulacho ki nguoni mwako, na Torkild alikuwa nacho nguoni hasa, juu kidogo ya kitovu, kimewashwa.

Walichozungumza tulikuja kukisikia sote, kwa hiyo ninaweza kukieleza.

“Yule mhandisi kasemaje?” Kaj aliuliza.

“Kasema banda ni zima. Nguzo zile zitatuzika sote.”

“Si utafute mwingine?”

“Yupo. Huyo anaelewa mambo.” Torkild akacheka kidogo, kicheko cha starehe, ambacho hatukuwahi kukisikia katika hotuba zake. “Ubao hauozi wenyewe, Kaj. Unahitaji kusaidiwa.”

“Na wale wanawake?”

“Watalia kidogo, kisha watazoea. Watu wa hapa huzoea kila kitu. Wape kahawa na kibao cha kumbukumbu, watakushukuru.”

“Na Birthe?”

Hapo upepo ukasikika. “Birthe hatajua. Niachie mimi.”

“Basi ghorofa ya juu, upande wa bahari, ni yako. Nilishakwambia.”

“Usiyataje hayo hapa, bwana.”

“Nani atusikie? Hawa wapo kwenye sinema yao.”

Asger alikuwa garini kwake anatafuna mkate, vipokea sauti masikioni. Aliacha kutafuna. Baadaye akamwita Lærke, akamsikilizisha yote. Lærke alifumba macho, na mazungumzo yalipokwisha macho yakawa na machozi.

“Ameipata,” alisema.

“Amepata nini?”

“Ile sauti. Kumbe alikuwa anafanya mazoezi na mwenzake kule nyuma, maskini. Anatuonea haya sisi.”

“Lærke, sidhani kama haya ni mazoezi. Anamtaja mkewe.”

“Waigizaji wasiosomea huchota kwenye maisha yao.”

“Banda lenyewe lipo. Ukitoka hapa unaliona.”

“Asger. Upepo umeharibu?”

“Hapana, ni safi.”

“Basi, mdogo wangu, ni safi.”

Kwa hiyo watu waliokuja kutuambia kwamba ukweli umo sikioni waliutia sikioni, wakaukagua kama una kelele, wakauona hauna. Lærke alimfuata Torkild akamweleza kwamba wamenasa sauti yake nzuri sana wakati yeye hana habari, je, anawaruhusu waitumie? Torkild alidhani ni ule wimbo aliokuwa akiuimba kwa pua wakati wanamfunga maikrofoni. Aliona haya ya furaha. “Chukueni yote,” alisema.

Jioni ile Asger alikula kwangu samaki wa moshi, akaniuliza kama lile banda letu ni la zamani.

“Zamani kuliko wewe,” nikamwambia, “lakini lina meno yote.”

Aliinamia sahani yake, akachambua miiba. Kesho yake wakaondoka.

Baridi ilipokaza akaja mhandisi wa pili. Alizunguka banda letu muda wa kuvuta sigara moja, akagonga nguzo mbili tatu, akaenda kunywa kahawa dukani kwa Torkild. Wiki haikupita, tukakuta mlango umefungwa kwa utepe mwekundu na tangazo la bodi ya bandari: mbao zimeoza, ni hatari kwa maisha, banda litabomolewa majira ya kuchipua. Torkild alikuja mwenyewe gatini kutufariji. Alisema yeye si msemaji. Aliahidi kibao cha kumbukumbu, cha shaba.

“Alitoboa wapi huyo mhandisi?” Birthe akamuuliza. “Sijaona tundu hata moja.”

“Wana vyombo vya kisasa siku hizi.”

“Mbona masikio yako mekundu?”

“Baridi, mke wangu.”

Na baridi ilikuwepo kweli. Birthe alituambia baadaye kwamba ukikaa na mtu miaka mingi hufika siku unachoka kumsoma, unaamini neno lake kwa uvivu tu. Tukaendelea kuoga, tukiuruka ule utepe mmoja baada ya mwingine, na taulo shingoni.

Sinema ikaletwa kwetu kabla ya miji mingine, Jumapili mchana, kama shukrani. Ukumbi wetu mdogo wa sinema ulifurika. Torkild alivaa suti ya harusi ya binti yake na kukaa safu ya mbele kati ya Birthe na Kaj. Walimwonyesha mara ya kwanza akisema sentensi yake gatini, kwa mbali sana, na mgongo wa winchi umemziba nusu. Alinyoosha shingo, akangoja. Mimi na ndoo yangu tulipita haraka, nikashangiliwa.

Kisha kikafika kile kipande. Mwandishi wa habari yuko garini peke yake, mvua inapiga kioo, anatia utepe kwenye chombo na kubonyeza. Na sauti ya Torkild Bundgaard, ile ya starehe, ikajaa ukumbini: “Ubao hauozi wenyewe.” Palipokuwa na jina la Kaj, Lærke aliweka mlio wa shakwe. Pa Birthe, shakwe mwingine. Neno “banda” lilikatwa ili ionekane ni meli. Lakini nguzo zilibaki, mhandisi alibaki, wale wanawake wakabaki na kahawa yao na kibao chao, na ghorofa ya juu upande wa bahari ikabaki.

Yule mwandishi wa habari kwenye picha aliziba mdomo kwa mkono. Ukumbini hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Torkild, na katika mwanga wa sinema niliyaona masikio yake yakiwaka pande zote mbili za kichwa.

Taa zilipowashwa tulipiga makofi, kwa kuwa hatukujua la kufanya. Lærke alimwinua Torkild, akamkumbatia mbele ya watu. “Huyu,” alisema, “ndiye aliyenifundisha maana ya kuigiza.”

Kaj alikuwa ameshatoka. Mlangoni mzee mmoja wa winchi alimpisha kwa heshima, kisha akatoa mlio wa shakwe, taratibu, kama mtu anayesafisha koo.

Nyumbani Birthe alipika kahawa, akamkabili mumewe mezani. Hili alituambia mwenyewe kwenye chumba cha moto, na kwenye chumba kile mtu hana pa kuficha kitu.

“Ulijifunza lini kuigiza?” alimuuliza.

“Sikujifunza. Ni kipaji.”

“Miaka yote hii umekificha wapi?”

“Hata mimi nimeshangaa, Birthe.”

Birthe aliyatazama masikio yake, akainuka, akachukua taulo akaenda kuoga. Hakumwambia neno siku hiyo wala siku zilizofuata, ila habari za chakula na takataka.

Ndipo Torkild alipojikuta mahali pabaya. Gazeti moja la mji mkuu liliandika kwamba sauti ya mzee asiyejulikana katika utepe ndiyo inayoibeba sinema nzima. Watu walikuja dukani kumpongeza. Kila aliyempongeza alimtazama kwa makini, na Torkild alilazimika kupokea pongezi zote, hata zilizomchoma, kwa maana mwigizaji akikana sanaa yake anabaki na nini? Alikuwa mtu wa kwanza ninayemjua ambaye heshima yake ilitegemea kuwa mwigizaji mzuri. Alianza kuvaa skafu kama msanii.

Bodi ya bandari ilipoitisha mkutano wa kupitisha siku ya kubomoa, tulikwenda wote. Kaj alikaa karibu na mlango. Nilikuwa nimezungumza na Asger kwenye simu, naye akanieleza kwa aibu kubwa kilichotokea garini, lakini sikulisema hilo. Waogaji tulikubaliana kuwa waungwana.

Nikanyoosha mkono. “Mwenyekiti,” nikasema, “kabla hatujaanza, tuna ombi. Mji mzima unakusifu, na sisi majirani zako hatujawahi kukuona ukiigiza kwa macho yetu. Tufanyie kile kipande cha utepe. Kidogo tu.”

“Huu ni mkutano, Ninna,” Torkild akasema.

“Ndiyo, na tumekuja wengi.”

Akatazama huku na huku. Hakuna aliyemwokoa. Akasimama, akaweka mkono kifuani, akaanza: “Ubao. Hauozi. Wenyewe.” Nimesikia tangazo la kuchelewa kwa treni likisemwa kwa hisia zaidi. Alifika kwenye “wale wanawake” akakwama, akarudi nyuma, akaanza upya kwa sauti kubwa kama kwamba sisi ni viziwi. Jasho lilimtoka. Alipomaliza, mtu mmoja akasukuma kikombe chake mezani.

“Asante,” nikasema.

Birthe alikuwa safu ya katikati, koti lake halijavuliwa. “Sasa sema,” alimwambia, bila kupandisha sauti, “kama ulivyomwambia Kaj.”

Torkild aliushusha ule mkono kifuani. Sijui kama aliwahi kusimama mbele zetu mikono ikining'inia vile.

“Nilitaka tuzeeke mahali penye dirisha la kuiona bahari,” alisema. Ilikuwa ile sauti ya kwenye utepe, ileile. “Wewe unaipenda bahari. Nilitaka nikufunge macho, nikupandishe ngazi, halafu nikufungue.”

“Dirisha la bahari tunalo.”

“Wapi?”

“Chumba cha juu. Umelipangia makopo ya rangi tangu tulipohamia.”

Watu walicheka, na Birthe hakucheka. Torkild aliketi. Kaj akasema kutoka mlangoni kwamba yeye haelewi hizi hadithi zinamhusu nini, na ukumbi mzima, pamoja na mhasibu wa halmashauri, ukamjibu kwa sauti ya shakwe.

Mhandisi wa kwanza aliitwa tena. Alikuta ubao mmoja wa sakafu umelegea, akaugongelea yeye mwenyewe. Utepe mwekundu ukatolewa. Torkild alijiuzulu kwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na kumbe hiyo ndiyo tuliyotaka kuisikiliza zaidi.

Mkidhani hapo haki ilitendeka, basi hamjakaa Klitsund. Hakuna aliyeshtakiwa, maana kilichosemwa kilisemwa kwenye sinema, na wakili wa halmashauri alisema sinema si ushahidi, ni burudani. Kiti cha mwenyekiti kilikaa wazi, kila mmoja akamsukumia mwenzake, mpaka akajitolea mtu anayejua mambo ya majengo, naye ni Kaj Ravnsbæk. Bodi ikamshukuru. Sisi waogaji tunahudhuria kila kikao sasa. Tunaweka simu zetu mezani mbele yake, zote zinarekodi, naye Kaj huzitazama, husoma ajenda, hufunga mkutano. Vikao vya bandari havijawahi kuwa vifupi hivyo.

Birthe hakumwacha mumewe. Kwa muda alimwacha ajipikie, na Torkild alikonda, kisha siku moja nikawaona wamekaa benchi moja wanagawana keki ya mdalasini, nikajua yameanza kupoa. Duka alimwachia binti yake. Siku hizi mchana huwa namwona akimpelekea Birthe kahawa gatini, anamngojea ngazini na taulo. Baharini haingii. Anasema moyo wake hauruhusu, nasi tumeacha kumtazama masikio.

Mwaka uliofuata sinema ile ilipewa tuzo. Waliionyesha sherehe kwenye televisheni, nami nilikuwa kwao, nimewapelekea samaki. Lærke alipanda jukwaani akiwa amevaa lile koti la mvuvi, akaiinua tuzo yake akasema ni ya wote wenye ujasiri wa kusikiliza. Hakutaja mji. Torkild alishika kile kidude cha televisheni, akamtazama mkewe.

“Nizime?”

Birthe alikuwa anafuma soksi. “Acha,” alisema. “Baadaye kuna wimbo.”